Si kila anayeanguka ana kifafa, na si kila mwenye kifafa huanguka

Kila mara video ya mtu aliyeanguka kando ya barabara inapozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Kampala, maelezo huja upesi kuliko msaada. Mmoja ataandika kwamba karogwa. Mwingine ataonya watu wasimguse, maana povu la kifafa linaambukiza. Wa tatu atasema ni pombe ya waragi tu. Lakini itazame video yenyewe: watu wamesimama duara, mbali, na katikati yupo mmoja anayetukutika peke yake. Makala haya ni ya hao waliosimama duara. Nami nimewahi kusimama nao, kwenye paki ya teksi, na najua hofu iliyotushika siku ile ilitokana na kutoelezwa.

Tuanze na ubongo wenyewe. Ubongo hufanya kazi kwa umeme. Seli zake, mabilioni kwa mabilioni, hupashana habari kwa cheche ndogo mno. Fikiria soko la Owino Jumamosi asubuhi. Huyu anapatana bei ya suruali, yule anaita wateja wa nyanya, mwingine anabishana na mchukuzi. Kelele ni nyingi, ila kila mtu anasema lake na biashara inakwenda. Sasa fikiria kona moja ya soko inaanza ghafla kupiga kelele ya neno lile lile, wote pamoja, kwa mdundo mmoja. Hapo hakuna anayeuza wala anayenunua mpaka kelele ikome. Ndivyo inavyokuwa kundi la seli za ubongo linapowaka kwa pamoja. Kelele ikibaki kwenye kona yake, mtu anaweza kutetemeka mkono mmoja tu. Ikienea soko zima, anapoteza fahamu, anakakamaa, anaanguka na kutukutika.

Tukio hilo moja tuliite mtukutiko. Mtukutiko ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Kifafa, ambacho Waganda hukiita ensimbu, ni hali ya ubongo kuwa na tabia ya kurudia mitukutiko bila sababu ya papo hapo. Kwa kawaida daktari hulitumia jina hilo mtu akipata walau mitukutiko miwili, iliyopishana kwa zaidi ya saa 24, ambayo haikuletwa na homa, sukari kushuka, pombe au jeraha jipya la kichwa.

Hapa ndipo lugha yetu yenyewe inapotutega. Kiswahili kina maneno mawili ambayo yamegharimu maisha ya watu kwa sababu tu ya jinsi yanavyosikika.

La kwanza ni degedege, ambalo Waganda hulijua kama eyabwe. Mtoto mdogo, aghalabu kati ya miezi sita na miaka mitano, anapata homa kali, macho yanageuka, mwili unakakamaa. Wazee wetu walisema kapitiwa na ndege wa usiku, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Imani hiyo ya sindano haikuzuka hewani. Mtoto alianzia kwa mganga, akafukizwa, akapakwa dawa, na siku ya pili au ya tatu ndipo alipofikishwa hospitali akiwa hajitambui. Akachomwa sindano, akafariki, na watu wakakumbuka kile walichokiona mwisho. Kilichomuua ni malaria iliyopanda kichwani, na saa zilizopotea njiani. Mtoto mwenye homa aliyepata degedege anahitaji kupimwa malaria saa ile ile, na malaria kali hutibiwa kwa sindano ya atesuneti, hiyo hiyo sindano inayoogopwa. Wengi wa watoto waliopata degedege la homa ya kawaida hukua bila kifafa. Wale ambao malaria iliwaingia ubongoni wengine hubaki na kovu, na kovu hilo linaweza kuwa chanzo cha kifafa miezi au miaka baadaye. Ndiyo maana chanjo ya malaria ambayo Uganda ilianza kuwapa watoto Aprili 2025 inahusu pia akili na neva za watoto, ingawa watu wanaizungumzia kama habari ya homa tu.

La pili ni kifafa cha mimba. Jina hili linanisumbua zaidi. Mjamzito anatukutika, familia inasikia neno kifafa, inaanza kuulizana ukoo wa nani una ugonjwa huo, na wakwe wananuna. Kumbe kifafa cha mimba si kifafa hata kidogo. Ni presha ya ujauzito iliyopanda mpaka ikaathiri ubongo, baada ya wiki ya 20 ya mimba, au hata siku chache baada ya kujifungua. Hutanguliwa mara nyingi na kichwa kuuma vibaya, kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya kifua. Dawa yake ni salfeti ya magnesiamu pamoja na dawa za kushusha presha, na mara nyingi kumzalisha mama haraka. Hakuna muda wa kikao cha ukoo. Mama anaweza kufa siku hiyo hiyo, na mtoto pamoja naye.

Nusu ya pili ya kichwa cha makala haya ndiyo inayosahaulika zaidi: wapo wenye kifafa wasioanguka kamwe. Mtoto darasani anaganda sekunde kumi, macho yametulia mbali, kalamu imesimama hewani, kisha anaendelea kuandika kama hakuna kilichotokea. Hilo linaweza kujirudia mara nyingi kwa siku. Mwalimu humwita mzubaifu, na kiboko kinafuata. Mtu mzima anaweza kuanza ghafla kutafuna hewa, kuvutavuta vifungo vya shati, kutembea bila kujua aendako, na ukimuuliza hajibu. Wengine husikia harufu ambayo haipo au hupandwa na hofu ghafla tumboni. Watu kama hawa ndio wanaopelekwa kupungwa majini au kukemewa mapepo, na kwa kuwa mtukutiko wa namna hii huisha wenyewe baada ya dakika moja au mbili, aliyekuwa anakemea huamini amefaulu.

Sisemi watu waache kuomba. Waislamu wanamkumbuka mwanamke wa zama za Mtume aliyekuwa akianguka, akachagua subira, lakini akaomba dua moja zaidi: asifunuke mwili anapoanguka. Mimi nikimfikiria yule mwanamke, huona alichokitaka kwa watu. Heshima. Unaweza kumfunika mtu kwa leso yako wakati huo huo unamwombea, na kesho ukampeleka kliniki.

Sababu za kifafa ni nyingi, na kwa wagonjwa wengi hazijulikani kabisa. Huku kwetu zipo ambazo hujitokeza sana: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, ajali. Kila bodaboda anayepita bila helmeti na kila abiria wake wamebeba hatari hiyo, kwani kichwa kilichopasuka leo kinaweza kuleta mitukutiko mwaka ujao. Kurithi kupo katika aina fulani, lakini mzazi mwenye kifafa kwa kawaida huzaa watoto wasio nacho.

Sababu moja nitakaa nayo kidogo kwa sababu karibu kila mtu anaielewa nusu. Ni tegu wa nguruwe. Watu husema: mimi sili nguruwe, hilo halinihusu. Sikiliza mzunguko wake. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko vya tegu hupata mnyoo mrefu tumboni. Huyo mara nyingi haumwi sana. Ila kinyesi chake hubeba mayai ya tegu kwa maelfu. Asiponawa mikono akakukatia kachumbari, au kinyesi kikiishia kwenye bustani ya sukuma, mayai yanaingia kinywani mwako. Ndani ya mwili wako mayai hayo huanguliwa, viluwiluwi husafiri kwa damu, na wengine hutua ubongoni na kujifungia kwenye vifuko. Kifuko hicho ndicho kinachowasha kona ya soko. Kwa hiyo Hajati wa Kibuli ambaye hajawahi kuonja nguruwe maisha yake yote anaweza kupata kifafa cha tegu kupitia saladi. Kinga yake ni choo, sabuni, mboga iliyooshwa vizuri, na nguruwe wasioachwa kuzurura na kula kinyesi.

Na wapo inzi wa mtoni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo, watoto waliokuwa wazima walianza kuinamisha kichwa mara kwa mara, kama mtu anayesinzia kwenye gari. Waacholi wakaita luc luc. Mara nyingi kichwa kilianza kushuka mtoto alipowekewa chakula. Kisha ikaja mitukutiko mikubwa, kudumaa, akili kufifia. Ilikuwa miaka ya vita na baada yake, watu wakiishi kambini au wakirudi kutoka huko, na wengi waliamini ni roho za waliouawa, zile wanazoziita cen, zimekuja kudai haki yao. Nani angewalaumu, baada ya yale waliyoyapitia? Vipimo vya umeme wa ubongo vilionyesha kwamba kule kuinamisha kichwa kwenyewe ni mtukutiko, wa aina inayolegeza misuli ya shingo. Ugonjwa kama huo daktari Louise Jilek-Aall alishauona Mahenge, Tanzania, katika miaka ya 1960. Kinachoyaunganisha maeneo hayo ni ugonjwa wa usubi, unaoletwa na minyoo inayosambazwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi kama Aswa na Pager. Jinsi hasa minyoo hiyo inavyoujeruhi ubongo bado inachunguzwa, lakini kaskazini mwa Uganda, baada ya kugawa dawa ya ivamektini mara mbili kwa mwaka na kunyunyizia mito dawa ya kuua viluwiluwi vya inzi kuanzia mwaka 2012, wagonjwa wapya wamekuwa adimu sana. Walioumia kabla ya hapo sasa ni vijana na watu wazima, na wengi bado wanahitaji vidonge kila siku na mtu wa kukaa nao.

Rafiki zangu huniuliza: kama kifafa si wazimu, mbona wagonjwa wake wanapanga foleni kliniki ya afya ya akili? Swali ni la haki. Madaktari bingwa wa neva nchini ni wachache mno, kwa hiyo katika hospitali nyingi za serikali kazi ya kuwatibu wenye kifafa imewekwa mikononi mwa wahudumu wa afya ya akili, kuanzia vituo vya afya vya wilaya mpaka Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Ni mpangilio wa watumishi na dawa. Mgonjwa anayepanga foleni pale ni fundi cherehani, mwanafunzi, mama wa watoto wanne, mwenye akili timamu, na anayemwona pale akarudi kijijini na maneno anamharibia jina bure.

Tofauti kubwa ipo kwa kiharusi, nacho huchanganywa na kifafa kwa sababu tu mtu ameanguka. Ukifika mashamba ya mpunga ya Doho, Butaleja, utaona mifereji inayopeleka maji ya mto Manafwa kila kipande cha shamba. Mfereji ukizibwa na tope, mpunga wa mbele unakauka. Ukingo ukibomoka, maji yanafurika na kuuangusha. Kiharusi ni hivyo: mshipa wa damu ya ubongo umezibwa au umepasuka. Presha isiyotibiwa ndiyo inayoongoza kuleta yote mawili. Mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauinuki, maneno yanakwama: hospitali, mara moja, hata kama hali imerudi sawa baada ya dakika kumi, maana hiyo ilikuwa onyo. Usimkande kwa maji moto kwanza, wala usimnyweshe chai. Koo lake linaweza kuwa limepooza na chai ikaingia mapafuni. Mtukutiko huja na kuondoka, na kwa kawaida mtu huamka na viungo vyake vyote. Kiharusi mara nyingi huacha upande mmoja umelala.

Turudi kwa kifafa, maana ndicho chenye habari njema isiyosimuliwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wanaishi nacho, na hadi asilimia 70 kati yao wanaweza kuishi bila mitukutiko wakitambuliwa na kutibiwa vizuri. Dawa kuu si ngeni wala si za matajiri. Fenobabitali inatumika tangu mwaka 1912, nayo humezwa mara moja kwa siku, usiku. Ipo kabamazepini, ipo fenitoini, ipo valproeti. Haziondoi kovu lililo ubongoni. Zinaituliza ile kona ya soko isipige kelele, na ndiyo sababu lazima zimezwe hata siku ambazo mtu ni mzima kabisa. Kinachowaangusha wagonjwa wengi ni kuacha ghafla: dawa zimeisha kituoni, nauli haipo, mchungaji au shehe kasema umepona, au mtu mwenyewe amekaa miezi sita salama akaona basi. Kuacha ghafla kunaweza kuleta mitukutiko mfululizo inayoua. Kuacha kupo, lakini kwa kawaida baada ya miaka miwili au zaidi bila mtukutiko, kwa kupunguza polepole, na daktari akijua. Kituo kikiwa hakina dawa, uliza siku hiyo hiyo kituo kingine au duka la dawa. Usisubiri tarehe ya mwezi ujao.

Yapo mambo ambayo mgonjwa hapaswi kuyagundua kwa bahati mbaya. Valproeti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba amuulize daktari kuhusu dawa nyingine kabla ya kubeba mimba, wala asiache vidonge kwa uamuzi wake. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitali hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi. Pia hugongana na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ikiwemo dolutegravia ambayo wengi huku wanaitumia. Tatizo huwa kliniki mbili, kadi mbili, na mgonjwa anayeona haya kutaja ugonjwa mmoja kwenye kliniki ya ugonjwa mwingine. Taja vyote.

Kukosa usingizi ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mkesha wa maombi, mkesha wa harusi, kusoma usiku kucha kabla ya mtihani: mtukutiko wa alfajiri hufuata. Kwa wanaofunga Ramadhani, dawa inayomezwa mara moja usiku haina shida kubwa, ila za mara mbili au tatu zahitaji kupangwa upya na daktari kabla ya mwezi kuandama, na usingizi uliokatwa na daku ulipwe mchana. Pombe nayo, hasa siku inayofuata ulevi.

Nyumbani, hatari iko kwenye moto na maji. Makovu ya moto ni alama ya wenye kifafa wengi vijijini, kwa sababu waliangukia mafiga na waliokuwa karibu waliogopa kuwavuta. Jiko liinuliwe, au apike akiwa na mwenzake. Asioge mlango umefungwa kwa komeo. Asiende kisimani, mtoni wala kuvua ziwani peke yake. Asiendeshe boda mpaka daktari aridhike. Shule ya bweni impe kitanda cha chini. Baada ya hapo aachwe aishi: asome, aoe, aolewe, afanye kazi, acheze mpira. Nimeona familia zinazompenda mtoto mpaka zinamfungia ndani.

Sasa mbele yako kaanguka mtu. Tazama saa. Ondoa mawe, viti, jiko. Weka kitu laini chini ya kichwa, legeza shingo ya shati, mfunike kama nguo imepanda. Usimshike kwa nguvu. Usitie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni; ulimi haumezwi, ila meno huvunjika na vidole hukatwa. Usimmwagie maji. Kutukutika kukipungua, mgeuze alale ubavu ili mate yatoke. Povu ni mate yaliyochanganyika na hewa, na likiwa jekundu ni kwamba amejing'ata. Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa mguso, wala kwa ushuzi kama nilivyoambiwa utotoni. Mitukutiko mingi huisha ndani ya dakika mbili au tatu. Ikipita dakika tano, au ikirudi kabla hajapata fahamu, au ni mjamzito, au ameangukia majini, au ana homa, au ndiyo mara yake ya kwanza, tafuta gari. Akiamka atakuwa amechanganyikiwa. Mwambie yuko wapi, na wewe ni nani.

Kisha kaa. Nasisitiza hili kwa sababu moja ambayo waliosimama duara hawaijui. Kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kutoka safi kabisa kwa mtu mwenye kifafa, na picha ya ubongo pia. Daktari hutegemea zaidi simulizi, na mwenye ugonjwa hana simulizi kwa sababu hakuwepo. Ukiondoka, unaondoka na ushahidi wake. Kama ni ndugu yako, daftari la shule la kurasa 48 linatosha: tarehe, saa, alikuwa anafanya nini, kama alilala vizuri, kama alimeza dawa, kilianzia mkono gani, macho yalielekea upande gani, kilichukua dakika ngapi, aliamkaje. Na ile video uliyorekodi kwa simu yako, usiitume kwenye kundi. Mpe mama yake, aipeleke kliniki.